Mtoto akizaliwa na kasoro, nani alaumiwe?

Watoto wanaozaliwa na kasoro za kimaumbile ni wengi kuliko wazazi wanavyodhani. Hata hivyo, jamaa nyingi hupoteza wakati zikitafutana lawama ilhali matibabu yapo, na kwa kasoro nyingine hata kinga ipo. Mwandishi wetu anaeleza.

"KWANI ni mimi peke yangu?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mdogo wangu nilipokwenda kumtazama baada ya kujifungua kifungua mimba wake mwaka wa 2012. Nilikuwa nimebeba chupa ya uji wa wimbi na shali ya mtoto, na maneno ya pongezi nilikuwa nimeyapanga njiani. Akanifunulia blanketi. Mvulana alikuwa mnene, mwenye nywele tele na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kwa ndani tangu kifundoni, unyayo ukielekea mguu wa pili badala ya kutazama chini.

Sikuwa na jibu. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuuliza iwapo katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuzaliwa hivyo. Jirani mmoja alikuwa amenong'ona kwamba huenda mdogo wangu alimcheka kiwete akiwa mja mzito. Mumewe, ambaye kabla ya hapo alikuwa hodari wa kupiga simu kila saa, alikuwa amenyamaza kimya.

Katika kituo cha afya alikojifungulia, muuguzi aliyekuwa zamu alimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba mguu ungenyooka wenyewe mtoto akianza kutembea. Haukunyooka. Ilipita miaka mitatu kabla ya mtoto huyo kufikishwa mbele ya daktari wa mifupa, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Makala haya ni jibu la swali la mdogo wangu, ambalo bila shaka huulizwa kila siku katika wadi za wazazi kutoka Mombasa hadi Busia.

Mmoja katika matatu

Jibu fupi ni kwamba hakuwa peke yake, hata kidogo.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), ambacho kimeweka hesabu hizi kwa miaka mingi, kinasema kwamba mtoto 1 kati ya kila 33 wanaozaliwa nchini humo huwa na kasoro ya kuzaliwa. Kwa msomaji wa Nairobi, hesabu hiyo ni rahisi kuielewa. Fikiria matatu ya abiria 33, kila kiti kimekaliwa na mama aliyempakata mtoto mchanga. Mmoja kati ya akina mama hao amempakata mtoto mwenye kasoro. Matatu inayofuata nayo ina mwingine, na ile ya nyuma yake vilevile.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kipimo kikubwa zaidi. Linakadiria kwamba watoto 6 kati ya kila 100 wanaozaliwa duniani huwa na kasoro au ugonjwa wa kuzaliwa nao. Tofauti hiyo isimtatize msomaji. Kuna kasoro ambazo mkunga huziona papo hapo mtoto anapotoka tumboni, kama vile mdomo uliopasuka. Kuna nyingine zilizojificha ndani ya mwili, kama tundu moyoni, uziwi au maradhi ya damu ya kurithi kama vile selimundu, ambazo hujitokeza baada ya miezi au hata miaka. Anayehesabu siku ya kuzaliwa atapata idadi ndogo. Anayengoja mpaka mtoto aanze shule atapata kubwa zaidi.

Tuchukue hesabu ya chini, ya watoto 3 kwa kila 100. Nchini Kenya huzaliwa zaidi ya watoto milioni moja kila mwaka. Katika kila milioni hiyo, basi, watoto 30,000 huzaliwa na kasoro ya namna moja au nyingine. Mbona basi hatuwaoni? Baadhi yao wana kasoro ndogo au zisizoonekana kwa macho. Wengine walitibiwa wakapona. Wengine hufariki mapema: WHO inakadiria kwamba watoto 240,000 duniani hufa kila mwaka kabla ya kutimiza siku 28 kwa sababu ya kasoro hizi, na wengine 170,000 hufa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano. Na wengine, tukubali tusikubali, wamefungiwa nyumbani wasionekane na wageni.

Shirika hilo linaongeza kwamba watoto 9 kati ya kila 10 wanaozaliwa na kasoro kubwa wako katika nchi maskini na zile za mapato ya wastani. Hiyo ina maana kwamba mzigo huu umelemea zaidi nchi kama yetu, ambako lishe ya wajawazito ni duni, maambukizi ni mengi na madaktari wa upasuaji wa watoto ni wachache.

Zinazoonekana zaidi

Kasoro za moyo ndizo zinazoongoza. Takriban mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa nazo. Nyingi ni matundu madogo katika ukuta unaogawanya vyumba vya moyo, na baadhi ya matundu hayo huziba yenyewe mtoto anapokua. Mengine huhitaji upasuaji.

Mdomo uliopasuka, ambao watu wengi huuita mdomo wa sungura, pamoja na ule mpasuko wa kaakaa, humpata takriban mtoto 1 kati ya 700. Katika wiki za mwanzo za mimba, uso wa mtoto hujiunda kwa vipande vinavyokua kutoka pande mbili na kukutana katikati. Vipande hivyo visipokutana, mwanya hubaki. Hakuna sungura aliyehusika, wala kisu ambacho mama alikishika usiku wa kupatwa kwa mwezi.

Mguu uliopinda, kama wa mpwa wangu, humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000. Wavulana hupatwa mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao hupindika miguu yote miwili.

Hali iitwayo Down, kwa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka wa 1866, humpata mtoto 1 kati ya 700 au 800 hivi. Mwaka wa 1959, Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza chanzo chake: mtoto huwa na kromosomu moja ya ziada, yaani 47 badala ya 46. Hali hii huweza kutokea kwa mama wa umri wowote, lakini uwezekano huongezeka kadiri miaka inavyosonga. Kwa mama wa miaka 35 ni kama mimba 1 kati ya 350, na kwa wa miaka 40 ni kama 1 kati ya 100.

Kisha kuna mgongo wazi, ambapo mifupa ya uti wa mgongo haikufunga sawasawa na mishipa ya fahamu huchomoza nje kama kifuko. Mara nyingi mgongo wazi huandamana na kichwa kikubwa, yaani maji kujaa ubongoni. Tutairudia kasoro hii hapa chini, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuzuiwa kwa bei ya chini kuliko zote.

Chanzo si kicheko

Katika jamii zetu nyingi, mtoto wa namna hii huhesabiwa kuwa matokeo ya kosa fulani. Wengine husema ni chira, wengine ni thahu, wengine ni uchawi wa mke mwenza au laana ya babu aliyezikwa bila kutimiziwa haki zake. Ajabu ni kwamba kidole cha lawama karibu kila mara humwelekea mama.

Sayansi ina maelezo tofauti. Kwanza, watoto wengi wenye kasoro hawana chanzo kimoja ambacho daktari anaweza kukitaja. Viungo vya binadamu hujengwa kwa wiki chache mno, vikitokana na chembe moja tu, na si ajabu kazi kubwa kama hiyo ikateleza mahali.

Pili, pale chanzo kinapojulikana, mara nyingi ni cha kurithi, na urithi hutoka kwa baba na mama. Kuna hata hali ambazo huhusishwa zaidi na umri wa baba. Mfano ni ule ufupi wa kimo ambapo mikono na miguu hubaki mifupi kuliko kiwiliwili. Mara nyingi hutokana na badiliko jipya katika mbegu ya mwanamume, na uwezekano wake huongezeka baba anapozeeka. Kwa hiyo mume anayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto kama huyo huenda anamfukuza mtu asiyehusika kabisa.

Ndoa za binamu nazo zina nafasi yake. Utafiti uliofanywa katika mji wa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2013, ulionyesha kwamba watoto wa wazazi walio mabinamu wa karibu walikuwa na kasoro kwa kiwango cha takriban 6 kwa 100, badala ya 3 kwa 100. Hili si jambo la kumvunjia mtu ndoa, kwa maana watoto 94 kati ya 100 bado huzaliwa wazima. Ni jambo la kumfanya mchumba aulize iwapo kuna ugonjwa unaojirudia katika ukoo wao.

Tatu, kuna maradhi ya mama. Mwaka wa 1941, daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg, alishangaa kuona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho. Alipowahoji mama zao, akatambua kwamba wengi walikuwa wameugua rubela katika miezi ya kwanza ya mimba. Rubela ni ugonjwa hafifu kwa mtu mzima, wenye vipele na homa kidogo tu, lakini huweza kumwachia mtoto aliye tumboni upofu, uziwi na kasoro za moyo. Mnamo Mei 2016, Kenya iliendesha kampeni kubwa ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya ukambi na rubela kwa pamoja, na chanjo hiyo sasa hutolewa katika kliniki mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18. Mzazi anayempeleka binti yake kuchanjwa leo anawakinga wajukuu wake wa kesho.

Kisukari kisichodhibitiwa na kaswende isiyotibiwa ni hatari nyingine. Zote mbili huweza kugunduliwa kwa vipimo vya kliniki na kutibiwa.

Dawa iliyotia dunia hofu

Nne ni vitu ambavyo mama humeza au kujipaka. Mwaka wa 1957, kampuni moja ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi kwa jina la Contergan. Ilisifiwa kuwa salama kabisa, na waja wazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Muda si muda, watoto wakaanza kuzaliwa bila mikono au miguu, viganja vikiwa vimeota mabegani. Daktari Mjerumani Widukind Lenz na mwenzake wa Australia, William McBride, walitambua kila mmoja kwa upande wake kwamba dawa hiyo ndiyo chanzo. Iliondolewa madukani Ujerumani Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani wakiwa wamekwisha kudhurika. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu afisa mmoja wa serikali, Dkt Frances Kelsey, alikataa katakata kuiidhinisha kabla ya kuonyeshwa ushahidi wa kutosha.

Fundisho la mkasa huo halijachakaa. Mja mzito asinunue dawa dukani kwa kubahatisha, wala asimeze za kuazimwa na jirani. Dawa fulani ya kifafa iitwayo valproeti, na isotretinoini inayotumiwa kutibu chunusi sugu, zinajulikana kuleta kasoro. Hata hivyo, mwanamke mwenye kifafa asiache dawa ghafla, kwani kuanguka kwenyewe ni hatari kwake na kwa mtoto. Azungumze na daktari kabla ya kushika mimba ili abadilishiwe.

Vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mwaka wa 2018 kulizuka wasiwasi, kutokana na takwimu za Botswana, kwamba dawa ya dolutegravir huenda ikasababisha mgongo wazi. Takwimu zaidi zilipokusanywa, tofauti hiyo ilififia, na mwaka wa 2019 WHO ikaipendekeza hata kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Mama asiache dawa hizo kwa uvumi wa mtaani.

Pombe nayo haina kipimo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Iwe ni chang'aa, busaa au mvinyo wa chupa ya bei ghali, hupenya hadi kwa mtoto na huweza kumharibu ubongo na sura. Wanaotumia sabuni na krimu za kujichubua ngozi nao wajue kwamba baadhi yake zina zebaki, ambayo ni sumu kwa ubongo wa kijusi.

Siku 28 za mwanzo

Sasa turudi kwenye mgongo wazi. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe bapa, ambao hujikunja na kufunga kama mkeka unaoviringishwa. Kazi hiyo humalizika siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Katika siku hiyo, wanawake wengi hata hawajajua kwamba ni waja wazito. Wengine wanahesabu tu kwamba wamechelewa kwa wiki mbili.

Mwaka wa 1991, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi saba, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro ya aina hii. Waliopewa tembe za asidi ya foliki kabla ya kushika mimba tena walipunguziwa hatari hiyo kwa asilimia 72. Ni vigumu kupata dawa nyingine ya bei rahisi hivyo iliyoleta faida kubwa hivyo.

Asidi ya foliki ni vitamini ya kundi la B, na kwa asili hupatikana katika mboga za majani kama mchicha na kunde, na pia katika maharagwe, ndengu na maini. Lakini chakula pekee aghalabu hakitoshi, na mboga zikichemshwa kupita kiasi vitamini hiyo hupotea. Wataalamu hushauri kila mwanamke anayeweza kushika mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi mwisho wa wiki ya 12. Yule ambaye amewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa mara kumi, kwa maagizo ya daktari.

Hapa ndipo tatizo letu lilipo. Katika kliniki za umma, waja wazito hupewa bure tembe za madini ya chuma zilizochanganywa na foliki. Lakini akina mama wengi huenda kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imepita miezi minne. Tembe hizo bado zina faida kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto zimechelewa kwa miezi mitatu.

Ndiyo maana nchi kadhaa ziliamua kuitia foliki katika chakula ambacho kila mtu hula. Marekani ililazimisha jambo hilo mwaka wa 1998 na Afrika Kusini mwaka wa 2003. Hapa Kenya, sheria ya mwaka wa 2012 iliwataka wenye viwanda waongeze foliki, madini ya chuma na virutubishi vingine katika unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti. Mwaka wa 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote zifanye hivyo. Kwa hiyo unapochagua unga dukani, tazama alama inayoonyesha kwamba umeongezwa virutubishi. Mahindi yanayosagwa katika posho mill ya mtaani kwa kawaida hayana nyongeza hiyo, na jamaa inayoyategemea ina sababu kubwa zaidi ya kutafuta tembe mapema.

Dawa ipo, ila haitaki kungojwa

Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, adui mkubwa ni kuchelewa.

Mguu uliopinda hutibiwa kwa njia iliyobuniwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Uhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hadi alipofariki mwaka wa 2009. Hakuna upasuaji mkubwa. Daktari huunyoosha mguu kidogo kidogo kwa mikono na kuufunga plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki. Baada ya plasta tano hadi saba, wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo na kufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu. Kisha mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, halafu usiku tu hadi atimize miaka minne au mitano. Ikianzwa katika wiki za mwanzo, njia hii hufaulu kwa zaidi ya watoto 90 kati ya 100. Wanaorudi kupindika aghalabu ni wale ambao wazazi walichoka kuwavisha viatu hivyo.

Mdomo uliopasuka hushonwa mtoto akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na kaakaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Shirika la Smile Train hugharamia upasuaji huo katika hospitali kadhaa nchini bila mzazi kutoa hata senti. Kinachohitajika ni mtoto kuwa na uzito wa kutosha. Mwenye mpasuko wa kaakaa hawezi kunyonya vizuri, kwa hiyo mama akamue maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo au kijiko, akiwa amemwinua kichwa. Watoto hawa hufa kwa njaa, si kwa mdomo.

Mgongo wazi ni dharura. Kidonda hicho hufaa kufungwa na daktari katika siku mbili au tatu za kwanza, kabla ya viini kuingia. Hospitali za Kijabe, katika Kaunti ya Kiambu, zimejulikana kwa miaka mingi kwa upasuaji wa watoto wenye ulemavu wa aina hii. Jirani zetu wa Uganda nao wana hospitali ya Mbale, ambako daktari Mmarekani Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu kichwa kikubwa kwa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, bila kumwekea mtoto mpira wa kudumu.

Mtazame kabla ya kumfunika

Mzazi asiogope kumkagua mtoto wake siku ya kwanza. Mvue nguo zote palipo na joto, umtazame kutoka utosini hadi vidoleni.

Je, mgongo una uvimbe, kifuko au kishungi cha nywele? Je, kaakaa limefunga? Tia kidole kilichooshwa upapase. Je, mboni ya jicho ni nyeusi au ina weupe? Je, mvulana ana korodani mbili, na mkojo hutokea kwenye ncha? Je, amepata choo katika saa 24 za kwanza? Je, midomo na ulimi hugeuka samawati, au hutokwa jasho na kutweta anaponyonya? Je, nyayo zinaweza kunyooshwa kwa mkono bila shida, au zimekakamaa?

Ukiona lolote kati ya hayo, sema kabla ya kutoka hospitalini. Ukiambiwa kwamba "atakua nalo litaisha", omba kwa upole uandikiwe barua ya kumwona daktari wa watoto. Hakuna atakayekukamata kwa kuuliza mara mbili.

Jina nalo hujeruhi

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Lugha yetu ya kale iliwaweka watu hawa katika ngeli moja na vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Siku hizi tunafunzwa kusema mtu mwenye ulemavu, na si maneno ya bure. Mtoto anayeitwa kile hulelewa kama kile.

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Mwenye miguu yote miwili leo asijione amemaliza safari ya kuumbwa.

Mpwa wangu alifungwa plasta nane mwaka wa 2015, katika hospitali moja ya misheni. Kwa wiki mbili za kwanza, mdogo wangu alimbeba mwenyewe katika matatu. Wiki ya tatu baba mtu alifika stegi bila kuitwa, akamtwaa mtoto na kumweka begani, plasta na yote. Hakusema lolote kuhusu ukoo wa mtu, na hajalisema tena hadi leo.

Kijana sasa amepita darasa za chini. Mguu wa kushoto umenyooka, ingawa ndama yake ni nyembamba kidogo na unyayo ni mfupi kuliko wa kulia, kama ilivyo kawaida ya waliotibiwa. Mama yake akimnunulia viatu Gikomba huchagua saizi ya mguu wa kulia, na cha kushoto akakitia pamba mbele. Kwenye uwanja wa shule, anayeijua siri hiyo ni yeye na soksi yake.

Siku moja katika foleni ya kliniki, mdogo wangu alimkuta msichana wa miaka kama 20 analia juu ya blanketi. Hakuuliza kuna nini. Aliketi kando yake, akamwambia: "Hauko peke yako, dada. Wa kwangu anacheza mpira. Twende nikuonyeshe chumba cha daktari."